Kuandika Upya Si Adhabu

Ndugu msomaji, huenda nawe unayo kazi uliyoianza kwa shauku na sasa imelala. Pengine ni nyumba iliyokomea kwenye msingi, au masomo ya jioni uliyoyaacha katikati. Yangu mimi ni riwaya. Niliimaliza kwa mkono katika madaftari sita, nikafurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Kisha nikaisoma tena, na furaha yote ikaniishia.

Mimi ni mtunza bohari katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Natoka nyumbani alfajiri, narudi magharibi nikiwa nimebanwa ndani ya daladala hata mbavu zinauma. Meza tuliyo nayo ni moja: ndiyo ya kulia chakula, ndiyo watoto wanayofanyia kazi za shule, na ndiyo mama watoto anayokatia vitambaa vya wateja wake. Zamu yangu huanza wengine wanapolala, iwapo umeme haujakatika.

Kuandika mara ya kwanza hakukunishinda. Wakati ule mtu hajui hadithi itamfikisha wapi, na hamu ya kujua humsukuma mbele. Kuandika upya ni jambo jingine. Mwisho unaujua, kilichobaki ni kuyatazama makosa yako mwenyewe, moja baada ya jingine. Nami niliacha kwa muda wa miezi minne, huku nikiwalaumu watu wa nyumbani. Kelele zao, nilisema, ndizo zinazoniulia kitabu.

Usiku mmoja, nilipolifungua daftari baada ya majuma mengi, binti yangu wa darasa la tano alinijia na hesabu za sehemu. Nilimkaripia. Hakulia. Alikusanya vitabu vyake, akaenda kukaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni, akaendelea peke yake.

Mama watoto hakusema neno. Kesho yake aliuchukua mswada, akausoma kwa siku tatu, kati ya nguo na nguo. Aliponirudishia alisema: "Baba watoto, huyu mama uliyemwandika humu hapiki, hafui, hachoki, wala mtoto hamsumbui. Yeye anakaa dirishani akiwaza tu. Umemwona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikusudia kuandika habari za jamaa ya mfanyakazi, na kumbe nilikuwa nikiikimbia jamaa yangu ili nipate kuiandika! Jioni ile nilimwita binti yangu, nikamwomba radhi, tukazimaliza hesabu zake kwanza. Ndipo nilipolifungua daftari.

Njia ya kuendelea niliipata kazini. Bohari letu haliwezi kuhesabiwa lote kwa siku moja. Tunahesabu rafu moja, tunalinganisha kadi na mali iliyopo, tunaandika upungufu bila kuuficha, kisha tunakwenda rafu ya pili. Riwaya nayo niliifanyia vivyo hivyo. Niliandika orodha ya makosa, na kila usiku nashughulikia moja tu. Nusu saa ikitosha, nalala. Hujitahidi kuacha kazi mahali ninapojua kinachofuata, ili kesho nisianze kwa kupapasa. Jumamosi namsomea mama watoto kwa sauti huku akishona. Mguu wake ukisimama juu ya cherehani, najua pale pana uhai. Ukiendelea tu, natia alama ya kufuta. Yule mama wa riwaya sasa anapika, tena ukali wa moshi unamtoa machozi.

Tumkumbuke pia Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali, akiandika huku akitafuta riziki. Riwaya yake Siku ya Watenzi Wote ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Hakungoja maisha yatulie ndipo ashike kalamu, wala hakungoja kuyaona matunda yote.

Mimi sasa nimefika sura ya saba kati ya kumi na mbili. Sijui kama mchapishaji ataipokea, na siku nyingine moyo hulegea kabisa. Lakini sisubiri tena moyo uchangamke. Nasubiri meza iwe wazi, basi.

Ndugu msomaji, ile kazi yako iliyolala usiingojee nyumba inyamaze. Nyumba isiyo na kelele, mara nyingi haina watu. Wape wenzako haki yao kwanza, kisha chagua kosa moja, dogo, ulisahihishe usiku wa leo. Haba na haba hujaza kibaba.