Kalsiamu Ilikotoka

Kazi yangu katika maabara ya Uingereza ilianzia kwenye mshipa wa mtu aliyejitolea damu. Kabla ya kumchoma sindano tulimuuliza kama amemeza aspirini siku za karibuni. Chembe sahani za damu, ndizo nilizozichunguza, huishi siku 7 hadi 10, na kwa kuwa hazina kiini, kimeng'enya kilichozimwa na aspirini haziwezi kukitengeneza upya. Mililita za kwanza tulizimwaga. Zilizofuata ziliingia kwenye sitrati, inayozuia damu kuganda. Barafuni hazikuwekwa kamwe. Baridi huziamsha chembe hizo, na iliyokwisha kuamka haina jipya la kukueleza.

Kisha nilizitia fura-2, rangi ambayo Roger Tsien na wenzake waliitangaza mwaka 1985. Ukiimulika kwa mwanga wa nanomita 340, kisha 380, uwiano wa mng'ao wake hukuonyesha kiasi cha kalsiamu ndani ya chembe. Chembe iliyotulia ina takriban nanomola 100; nje, katika plazma, iko zaidi ya mara 10,000 ya hiyo. Nikidondosha thrombini, inayoziamsha chembe, mstari wa kipimo ulipanda kuelekea maikromola 1 katika sekunde chache.

Kalsiamu hiyo imetoka wapi? Swali hilo ndilo lililonishika. Nilipoweka EGTA, inayonasa kalsiamu ya nje, mstari ulipanda bado, lakini kwa kimo kidogo, ukashuka upesi. Kumbe sehemu yake ilitoka ghalani mwa chembe yenyewe, katika mirija myembamba ya ndani inayofunguliwa na molekuli ya ishara iitwayo IP3. Nikirudisha kalsiamu nje, mstari ulipanda tena. Kwa miaka tulijua kwamba ghala likipungua mlango wa nje hufunguka, tusijue nani hupeleka habari. Mwaka 2005 ikatambuliwa protini STIM1, inayohisi upungufu ghalani. Mwaka uliofuata Orai1, mlango wenyewe. Nilifurahi kana kwamba niliigundua mimi.

Lakini hadubini ndiyo iliyonibadilisha zaidi. Kichupani tulipima mamilioni ya chembe kwa mkupuo, tukaona kilima laini. Chini ya lenzi, katika chembe moja, kalsiamu huruka, hushuka, huruka tena, na jirani yake ina mwendo mwingine kabisa. Kilima kile kilikuwa jumla ya miruko isiyolingana, wala hakuna chembe hata moja iliyokifuata. Tangu hapo sikukubali kuchapisha wastani peke yake: michoro ya chembe mojamoja niliiambatisha kila mara, hata wahariri waliponiomba nipunguze kurasa.