Vyuma vya Nyuma ya Karakana

Nyuma ya karakana ya shamba la mkonge nilikokulia, kati ya Muheza na Korogwe, palikuwa na uwanja mkubwa ambao leo umelimwa mihogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulijaa vyuma: malori ya Bedford yaliyovunjika vioo, matrekta ya Fordson yaliyokaa juu ya mawe, Land Rover zilizong'olewa injini, magurudumu ya troli, vipande vya reli ndogo, na boila ya mvuke iliyoliwa na kutu hadi panya wakawa wanaingia na kutoka watakavyo. Baba alikuwa fundi mitambo katika karakana hiyo. Mama alifanya kazi brashi, kule ambako singa, yaani nyuzi za mkonge, husuguliwa kabla ya kufungwa marobota. Tukitoka shule nyumbani hapakuwa na mtu, basi tulimfuata baba, na kumfuata baba kulikuwa ni kwenda kwenye vyuma.

Kila mtoto alijitwalia gari lake. Langu lilikuwa Bedford lenye usukani mpana uliobaki bila plastiki, chuma kitupu, na kiti ambacho springi zake zilichoma mapaja. Baba alitupa sharti moja tu: "Gonga bati kwanza, usikilize, ndipo uingize mkono." Swila walipenda kivuli cha chini ya boneti, na nyigu walijenga kwenye mabomba ya ekzosi. Tuligonga, tukasikiliza, tukaingia. Harufu ya mahali pale naikumbuka hadi sasa, oili nzee iliyochanganyika na uchachu wa makapi ya mkonge yaliyokuwa yakioza ng'ambo ya mfereji.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Bedford zilikuwa nyekundu kwa kutu ilhali Land Rover zilibaki kijani, kama zimeegeshwa jana. Nilimuuliza baba. Akaniambia nikwangue rangi kwa msumari, nikaona weupe chini yake. Bodi ni aluminiamu, akasema, haishiki kutu. Ukubwani nilisoma sababu yake: Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgawo Uingereza kwa sababu ya vita, aluminiamu ikapatikana kwa wepesi zaidi.

Mbali zaidi, chini ya mkwaju, ndiko zilikokuwa mashine za kale kuliko zote. Palikuwa na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, imelala ubavu, na ubavuni mwake herufi zilizoinuka kwenye chuma: KRUPP GRUSONWERK MAGDEBURG. Nilizipitishia kidole kabla sijajua kuwa Magdeburg ni mji. Ilikuwa ya enzi za Wajerumani, waliouleta mkonge wenyewe. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo Tanga ikageuka nchi ya mkonge. Hatua chache kutoka kwa Krupp palikuwa na korona ya Robey wa Lincoln, Waingereza waliokuja baadaye. Karibu na seng'enge ndipo yalipokuwa matrekta ya Massey Ferguson, ya kwetu, yaliyokufa mbele ya macho yetu.

Ila kusema yalikufa ni kuyapunja. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Spea iliyoagizwa ilichukua miezi, mara nyingine haikuja kabisa. Asubuhi mitambo ilipogoma, baba alichukua spana na kipande cha chaki akaenda nyuma. Massey Ferguson 135 ina injini ya Perkins ya silinda tatu, na palikuwa na kadhaa za aina hiyo, kwa hiyo pampu ya dizeli ya moja ilihamia kwa nyingine, kisha kwa nyingine tena. Majani ya springi za Bedford yalikwenda kwa mhunzi yakarudi majembe na mapanga. Matairi yalikatwa yakawa katambuga. Kila alipotoa kitu, baba aliandika kwa chaki kwenye bodi, PAMPU, DAINAMO, GIA YA PILI, ili fundi wa zamu nyingine asipoteze nusu siku kufungua kisichokuwamo. Mvua ikifuta, aliandika upya.

Nilichojifunza pale, na ambacho sijakiona kikisemwa vya kutosha tunapoizungumzia miaka ile ya ukata, ni kiasi cha akili kilichotumika. Watu husema tuliishi kwa kuungaunga, kwa sauti ya huruma. Mimi niliwaona mafundi waliotoka Songea, Kigoma, Mtwara na hata Burundi, wengi wao watoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashambani, wakijua kwa vidole tofauti ya nyuzi za bolti ya Kiingereza na ya Kijerumani. Bila wao na bila uwanja ule, shamba lingesimama miaka kumi kabla halijasimama.

Maana lilisimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mitambo ikazeeka bila mrithi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa kwenye tani 20,000 hivi. Kwetu korona ilizimwa, troli zikaachwa zilipofikia. Mitambo iliyokuwa mbele ya karakana ikasogezwa nyuma, na uwanja ukawa mkubwa kuliko shamba lililobaki.

Wanunuzi wa skrepa walikuja miaka ya 2000, China ilipokuwa inajenga na bei ya chuma imepanda kote. Walining'iniza mizani kwenye tawi la ule ule mkwaju. Vilitangulia vitu vyepesi: nyaya, radieta, bushi za shaba. Land Rover, kwa sababu ya weupe ule niliokwangua kwa msumari, hazikumaliza msimu mmoja. Zilikatwa kwa mashoka zikaenda kwa wanaoyeyusha aluminiamu na kumimina masufuria. Halafu wakaja wenye gesi. Chesisi ya lori hukatika kwa gesi kama siagi, na reli ndogo pia. Lakini chuma cha kumimina hakikubali moto huo, huvunjwa. Nilikuwa likizoni nyumbani siku walipoivunja korona ya Krupp. Vijana wawili walipokezana nyundo kubwa. Chuma kile kikipasuka hakipindi, hutoka mapande yenye kingo za kijivu zinazometameta, safi ajabu kwa kitu cha umri ule. Pande lenye neno MAGDEBURG lilitupwa kwenye mizani pamoja na kikaango kilichotoboka, bei moja kwa kilo. Yote yalikuwa yanakwenda kuyeyushwa kuwa nondo.

Vijana wale nawafahamu, na siwalaumu. Mishahara ilikuwa imekwisha zamani na watoto walihitaji madaftari. Ninacholaumu ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye mamlaka aliyefika na daftari kabla ya mizani. Nairobi wana jumba la makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, na ukienda utalikuta lile treni kubwa la mvuke liitwalo Mount Gelai limesimama hapo, mtoto anapanda mpaka kwa dereva. Mkonge uliijenga Tanga kama reli ilivyoijenga Nairobi. Korona moja tu, ikiwa imepakwa rangi na kuwekewa paa, ingetosha kuanzia.

Na hasara si ya kumbukumbu peke yake. Mkonge umerudi. Serikali imeuweka miongoni mwa mazao ya kimkakati, bei imepanda, wakulima wadogo wamechukua mashamba ya zamani, na kilio chao cha kila msimu ni korona: hazitoshi, na zilizopo ni kuukuu. Mkonge ukishakatwa hausubiri. Na jani lote hutoa asilimia nne hivi tu ya singa, kwa hiyo mashine ikiharibu hata kidogo, mkulima anahesabu hasara.

Mwaka juzi fundi kijana kutoka ushirika wa jirani alimjia baba, ambaye sasa haoni vizuri. Korona yao ilikuwa inakatakata singa. "Shikamoo mzee, nimeambiwa wewe ulizifanyia kazi hizi." Baba alimwuliza nafasi iliyopo kati ya ngoma na kitako chake kilichopinda, pale jani linapobanwa na kukwanguliwa. Kijana hakujua kuwa inapimwa. Baba akaagiza jani bichi la mkonge, akalikata shina na ncha, akamfundisha kulitumia kama kipimo: ikiwa pana nyama inabaki, ikiwa finyu singa zinakatika. Kitako chenyewe kilikuwa kimeliwa na maji ya mkonge, ambayo ni makali, na cha kubadilishia kilikuwa kimeshakwenda kwa kilo. Wakakichora. Baba alitaja vipimo kwa inchi, kijana akavigeuza milimita, na mkereza mmoja wa Tanga mjini akawachongea kingine. Kijana bado huja Jumamosi, na daftari lake limefika kwenye giaboksi.