Baiskeli ya Katekista



Wapendwa waamini, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini Halmashauri ya Walei imeidhinisha shilingi 150,000 kuitengeneza baiskeli kuukuu ya katekista wetu wa kigango cha mbali, badala ya kuendelea kuchanga hadi tumnunulie pikipiki. Swali ni la haki. Lakini pikipiki hudai mafuta kila wiki, na Ibada ya Neno ya Jumapili haisubiri michango ikamilike.

Baiskeli hiyo ni ya milimani, ya magurudumu ya inchi 26. Viwanda vingi vimehamia inchi 27.5 na 29, hivyo hizi za zamani huonekana zimepitwa na wakati, ingawa fremu zake ni nzima. Na fremu hii ni ya chuma: ikipata ufa, fundi wa kuchomelea anaiweza.

Fundi alianza kwa kupima mnyororo. Mnyororo mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, una inchi 12 kamili. Ukizidi hapo kwa sehemu moja ya 16 ya inchi umechakaa, na ukiachwa hutafuna meno ya gia. Wetu ulikuwa umezidi. Matairi ya vifundo virefu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya tope, yalimchosha katekista bure juu ya changarawe ngumu. Tumeweka ya upana wa inchi 1.9 yenye vifundo vifupi. Hayajazwi upepo hadi yawe kama jiwe, kwa maana tairi lenye ulaini kidogo humeza kokoto badala ya kurushwa nazo. Shokapu za mbele zilikuwa zimekufa, tukaweka uma wa chuma usio na springi, wenye urefu uleule. Ukiwa mfupi, baiskeli huinamisha pua na usukani huwa mwepesi mno mteremkoni.

Vijana wetu, ambao tunawapenda, walitaka usukani uliopinda kama wa mashindano. Tulikataa. Vishikio vya breki vya usukani huo kwa kawaida huvuta waya kidogo, nazo breki za baiskeli hii zinataka waya uvutwe sana. Tungelazimika kununua vishikio vingine. Fedha hiyo imekwenda kwenye waya mpya na raba mpya za breki. Mwaka jana breki zilimshinda katekista katika mteremko wa mtoni, akienda kusali na mgonjwa aliyekuwa mahututi. Alimaliza safari kwa miguu, magoti yakivuja damu, akakuta mgonjwa amekwisha kufariki.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato si’ wa mwaka 2015, alihesabu kutumia tena kitu badala ya kukitupa haraka kuwa tendo linaloweza kuzaliwa na upendo. Mwaka 2021 aliiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa. Huduma ya heshima hiyo, kwa maoni yetu, inastahili kwanza breki zinazoshika; rangi itafuata, au isifuate.

Zimebaki shilingi 18,000, za pampu na viraka. Keria ya nyuma bado haijapatikana, na vitabu vya mafundisho havibebeki mkononi. Mwenye nayo nyumbani, hata yenye kutu, tunamwomba aifikishe sakristia kabla ya Jumamosi jioni.