Ule Moshi Mweusi Ulikuwa Pesa ya Mjomba

Wasee, mnakumbuka ile video yangu ya pikapu ikitoa moshi mweusi kama treni ya zamani? Mliipenda sana. Mwisho wake sikuwahi kuposti. Leo wacha niseme.

Pikapu ni ya mjomba. Dizeli ya 2.8, ina turbo, na pampu ya mafuta ni ile ya kitambo isiyo na kompyuta. Inabeba viazi kutoka upande wa Narok hadi Nairobi, na ndiyo inasomesha watoto wake wawili. Mimi nilikuwa nimeacha uhandisi chuoni mwaka wa pili, na nilitaka watu wajue sikuacha akili huko.

Jioni moja nikafungua boneti. Nyuma ya pampu kuna skrubu moja ndogo. Ukiikaza ndani, nozo zinapewa mafuta zaidi ukikanyaga hadi chini. Juu ya pampu kuna utando wa mpira unaosukumwa na presha ya turbo. Turbo ikileta hewa, utando unashuka na pampu inaachilia mafuta zaidi. Niliguza zote mbili. Skrubu nikaizungusha nusu, nikaenda kuijaribu. Gari iliruka! Nikaongeza tena kidogo, kamera ikiwa imewashwa.

Mjomba alipoiendesha alicheka. "Kijana wangu, umeipa uhai." Hayo maneno bado yananiuma.

Siku tatu baadaye alikuwa na gunia ishirini za kilo hamsini, anapanda ule mlima wa Mai Mahiu, mguu chini. Katikati ya mlima gari ikaanza kugonga, ikapoteza nguvu, ikazima. Fundi alipoifungua, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka juu, ina shimo.

Hapo ndipo nilijua kitu ambacho ningepaswa kujua kabla ya kushika spana. Kwa petroli, ukizidisha mafuta kidogo, moto wa ndani unapungua. Kwa dizeli ni kinyume. Hewa huwa ya kutosha, kwa hivyo kila tone unaloongeza ni joto zaidi. Kilo moja ya dizeli inataka karibu kilo 14.5 za hewa ndiyo iungue yote, na kwa ukweli injini inataka zaidi ya hiyo. Hewa isipotosha, mafuta yanatoka kama moshi mweusi. Kwa hivyo ule moshi tunaoshangilia si nguvu. Ni dizeli umelipia, na haikusukuma gari hata hatua moja. Na pistoni ni za aluminiamu, chuma kinachoyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Ukikanyaga sekunde kumi za video, joto halina muda wa kufanya kitu. Mlima na mzigo wa tani moja ni hadithi nyingine.

Sisemi msituni magari. Nguvu iko, lakini iko na mpangilio. Anza na hewa: filta safi, mipira ya turbo isiyovuja, na rejeta ya kupooza hewa kama gari haina. Nozo zipimwe. Weka geji ya joto la moshi kabla ya turbo, maana bila hiyo unabahatisha. Wengi wanaojua hii kazi hawapendi joto hilo livuke nyuzi 700 hivi ukipanda mlima mrefu. Ndiyo sasa uguze mafuta, kidogo kidogo, na ujaribu ukiwa na mzigo. Moshi ukianza kuonekana, rudisha.

Mimi nilianza na mwisho, kwa sababu moshi ndio unaonekana kwa simu.

Niliuza kamera, ikalipa nusu ya injini nyingine. Nusu ingine ilitoka kwa pesa ya karo, na binamu yangu akakaa nyumbani wiki mbili. Hakuniuliza kitu. Alikuwa ameona video, hata alikuwa ameilaiki.

Pikapu iko barabarani tena. Fundi aliweka skrubu ya pampu mahali pake, akaipaka rangi nyekundu ndiyo ijulikane mtu akiiguza. Mjomba hajawahi kunifokea. Zamani akija kwetu alikuwa anaacha ufunguo juu ya meza. Siku hizi anakaa nao mfukoni.