Wazee hawaji kusoma? Waiteni kufundisha!

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na viwalo, nikuulize swali moja tu. Mara ya mwisho wewe na mzazi wako mlikaa mkeka mmoja mkajifunza kitu ilikuwa lini? Tamthilia ya usiku haihesabiwi. Wala ile siku ulipomwelekeza bi mkubwa kutuma pesa kwa simu huku ukimfokea, "Si nimeshakwambia bonyeza moja!"

Hapo ndipo penye kasheshe. Mjini tunalala nyumba moja lakini kila mtu na shule yake. Mtoto ana tuisheni, dingi ana kijiwe, mama ana kikoba. Mnakutana kwenye ugali, tena siku hizi hata sinia limevunjwa, kila mtu na sahani yake.

Ndiyo maana sisi vijana wachache wa mtaani kwetu, Mwananyamala, wengi tumeishia fomu foo na tunabangaiza, tukapanga kuanzisha Jumamosi ya familia. Mara moja kwa mwezi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mzazi aje na mwanawe wajifunze pamoja. Tukaenda kuomba baraka kwa mjumbe wetu, mama mtu mzima asiye na haraka. Akatusikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Wanangu, mkitangaza kusoma mtapata watoto na kina mama wawili watatu. Baba zenu hamtawaona. Mtu mzima haogopi kujifunza, anaogopa kuonekana hajui mbele ya mtoto wake."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu kuna mzee mmoja namfahamu. Amenipa ruhusa nimsimulie ilimradi nisimtaje jina wala kazi yake. Ripoti ya shule ya mwanawe ikija, humwambia, "Soma wewe, miwani nimeisahau." Dogo anasoma. Akiwa amefaulu anasoma yaliyoandikwa, akiwa amefeli anasoma anayoyataka yeye! Na kwa jinsi tunavyomjua mzee, miwani yenyewe hajawahi kumiliki hata siku moja.

Basi tukageuza kibao. Katika kupita nyumba kwa nyumba hatukumwambia mzazi yeyote aje kusoma. Tulimuuliza, "Mzee, wewe unajua nini ambacho watoto wa hapa hawakijui?" Uliza hivyo uone sura ya mtu inavyobadilika. Mmoja akasema anasuka ukili. Mama mmoja akasema anajua vitendawili mpaka vya kukesha. Na yule mzee wetu wa miwani akasema kwa sauti ndogo, "Mimi bao."

Bao la kete, msomaji, usilione mchezo wa wastaafu. Ubao una mashimo 32, kete ni 64, kila mchezaji na 32 zake. Unaanza na kete 10 ubaoni, nyingine 22 umezishika, unazinamua moja moja. Kila ukiteka lazima ujue kete zitaishia shimo gani kabla hujazigusa. Hiyo ni hesabu ya kichwa, hakuna kikokotoo.

Jumamosi ya kwanza yule mzee akakaa mkekani, mwanawe wa darasa la tano pembeni. Dogo anahesabu kwa vidole, baba ameshamaliza kwa macho: "Itaishia pale." Inaishia pale pale. Mara ya nne dogo akamtazama baba yake kama anamwona leo. Akauliza, "Baba, umejuaje?" Watu wazima tuliokuwa karibu tukanyamaza.

Mwezi wa tatu kijana akaleta daftari, akawa anaandika matokeo: jina la baba, jina lake, nani kashinda. Mzee akawa anachungulia. Siku hiyo hiyo akaomba aoneshwe herufi ya kwanza ya jina lake. Nani alimwonesha? Mwanawe, na hakufoka.

Kama na wewe unataka kuanzisha mtaani kwako, sikiliza. Kwanza aga serikali ya mtaa na mjumbe, usije ukaambiwa una chama. Pili, tazama ratiba ya mpira. Siku ya Simba na Yanga hata ugawe pilau hupati mtu. Tatu, tandika mikeka, usipange viti kama darasani, maana kiti cha mbele kinatisha. Nne, chai na maandazi yapatikane kwa kuchangishana, mgeni rasmi wa nini? Na mwisho, kitabu kiwepo pembeni bila kulazimishwa. Anayeona mwenzake anacheka nacho atakifuata mwenyewe.

Asikudanganye mtu kwamba mambo haya ni ya kuigwa ng'ambo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio, wakijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Bibi yangu alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Anasema hawakuita shule, waliita mkutano. Walijifunza kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la nyumbani kwao, na kila mtu alikuwa na la kusema.

Sisi vijana wa leo tumewabeba wazee kama mizigo iliyopitwa na wakati, kisa hawajui kutumia simu. Kumbe mzazi akikaa pembeni mwaka mzima, anayeumia si yeye peke yake. Mtoto anajifunza kwamba elimu ni kitu cha kumkimbia baba nacho. Akifika sekondari hana wa kumuuliza, akikwama anadanganya, na mzee anaweka saini pale anapooneshwa.

Yule mzee bado hajaweza kusoma ripoti. Jina lake anaandika, bei za dukani anazisoma, sentensi ndefu zinamkimbia. Lakini Desemba iko njiani, na dogo mwenyewe ameniambia kwa masikitiko, "Kaka, safari hii nikifeli itabidi niseme ukweli, mzee ameshaanza kuunganisha herufi."

Kazi kwako. Kesho muulize mzee wako anajua nini ambacho wewe hukijui, kisha funga mdomo usikilize. Tuonane wiki ijayo, inshallah.