Kiroba cha Mawe

Ukitoka Mbeya kuja kwetu Chunya, barabara hupanda kwanza milima yenye ukungu, na abiria hufunga madirisha kwa baridi. Kisha hushuka upande wa pili, joto likakupokea pamoja na vumbi. Mji wetu ni mdogo, nao ulikuzwa na dhahabu. Dhahabu ilionekana katika eneo la Lupa mwaka 1922, na kufikia miaka ya 1930 watu walikuwa wamemiminika kutoka pande nyingi, Wazungu kwa Waafrika, wakichuja mchanga wa mito. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956. Wazee wetu wakabakiwa na mashimo, na maneno.

Maneno hayo tunayasema hadi leo, kwa kuwa wachimbaji wadogo hawajaacha kuchimba. Shimo ni duara. Jiwe lenye dhahabu ni mbale. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa ni marudio, nao hautupwi, kwa sababu huenda bado una kitu ndani. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba jiwe halihukumiwi kwa macho. Hata hivyo sisi washarika tulimhukumu mtu kwa macho, na tunaandika haya kwa sababu tulikubaliana tusiyafiche.

Alikuwa kijana wa kwaya, mwenye sauti nzito ya besi. Alipoanza kuzama duarani tulimwombea. Duara lilipotema, tulifurahi naye. Siku ya mavuno, baada ya ibada, sadaka za vitu hunadiwa nje ya kanisa: kuku, mahindi, mikungu ya ndizi, mayai. Mwaka ule alinunua yai moja kwa bei ya mbuzi, akampa bibi mjane aliyekaa karibu naye. Vigelegele vilipigwa. Jumapili zilizofuata tulimwachia nafasi kwenye benchi la mbele. Hakuna aliyetangaza hivyo. Tulijikuta tu tumesogea.

Kisha mawe yakawa matupu. Katika duara lao mchimbaji hakuwa na mshahara, alipata mgawo wa mawe, na mawe yasipokuwa na kitu, jasho limekwenda bure. Aliuza pikipiki, halafu godoro. Akarudi kukaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia asogee mbele.

Mavuno yaliyofuata alileta kiroba kidogo cha mbale, kilichobaki katika mgawo wake wa mwisho. Mnadishaji wetu ni mtu wa mzaha. Alikiinua juu, akauliza ni nani anayetaka mawe ya kujengea choo. Tulicheka. Wazee wa kanisa walicheka, akina mama walicheka, kwaya ilicheka. Hakuna aliyetaja hata shilingi mia tano. Kiroba kikawekwa kando ya ukuta, tukaendelea na kuku. Tulipokuja kumtafuta kijana kwa macho, hayupo.

Kiroba kilinyeshewa mvua pale ukutani. Hatimaye yule bibi alimwambia mjukuu wake akiingize stoo ya kanisa. Kisha akaomba kuingia kwenye kikao cha wazee, akasema maneno machache tu: "Yai lake nililila mimi. Na siku ile nilicheka pamoja nanyi." Kikao kizima kikanyamaza.

Baadhi yetu tulitaka kiroba kipelekwe kwenye karasha, kisagwe, tujue kina nini. Tulibishana sana. Kingekuwa na dhahabu, tungejuta kwa ajili ya dhahabu. Kingekuwa kitupu, tungejiambia kwamba kicheko chetu kilikuwa cha haki. Vyovyote vile, tungekuwa bado tunampima yule kijana kwenye mizani. Basi hatukukifungua.

Mtume Yakobo alikwisha kuandika habari za mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa mahali pazuri, na maskini anayeachwa asimame. Tumeisoma sura ile ya pili mara nyingi, tukidhani inawahusu makanisa ya matajiri.

Tulituma watu watatu wamtafute. Mnadishaji aliomba awe mmoja wao. Walimkuta kwenye machimbo mengine, anawasagia watu mawe kwa kibarua. Aliwakaribisha chini ya turubai, akawapa chai ya rangi. Kabla hawajamaliza salamu akauliza, "Kile kiroba alikinunua nani?"

Mmoja alianza kutafuta maneno mazuri. Mnadishaji akamkatiza. "Hakuna aliyekinunua. Nilikufanyia mzaha mbele za watu. Nisamehe, mdogo wangu."

Kijana alitazama mikono yake iliyojaa vumbi. "Nilileta nilichokuwa nacho, kaka," akasema. Hakusema kwamba amesamehe, wala hakukasirika. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akasimama nao hadi gari lilipokuja.

Mavuno mengine yanakaribia. Hatujui kama atakuja. Besi ya kwaya bado ina pengo, na kila wimbo hutukumbusha. Kiroba chake kiko stoo. Ni chake, akitaka kukichukua au kukitoa tena. Sisi tumeomba toba hadharani, tukajifunza kwamba toba haimlazimishi aliyeumizwa kurudi kwa siku tuliyoipanga sisi. Tunamwomba Mungu atupe uvumilivu wa kumngoja, kama Yeye anavyotungoja.

Nawe mpendwa unayesoma haya, Jumapili hii ukiingia kanisani, usiharakishe kwenda mbele. Tazama kwanza ni nani amekaa karibu na mlango. Msalimie, umuulize habari za nyumbani, ukae naye.