Ukuta Ulioachwa Upumue

Niliichukia nyumba yetu kwa miaka mingi. Ipo katika bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, katikati ya safu ndefu ya nyumba za mawe zilizoshikana kuta, za wachimbaji wa makaa ya mawe. Kila majira ya baridi ukungu mweusi ulitambaa nyuma ya kabati, rangi ikavimba na kubanduka, nguo zikanuka. Walionitangulia walikuwa wameupaka ukuta saruji nje na ndani, na mafundi niliowaita walishauri niongeze nyingine. Mimi nilitaka kuhama tu.

Aliyenigeuza ni mama yangu, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Alipokuja kututembelea aligonga lipu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akauliza: “Mwanangu, jiwe hili limeungwa kwa kitu gani?” Sikujua. Tukabandua kipande nyuma ya mlango. Chini ya saruji kulikuwa na chokaa, laini, inayochimbika kwa ukucha. Mama akatikisa kichwa. Kwao kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ameshaona nyingi zikiozeshwa na saruji.

Basi nikaanza kuisoma nyumba. Mwaka 1851 bonde zima lilikuwa na watu wapatao 1,000. Kufikia 1911 walizidi 150,000, wote wakifuata makaa. Nyumba zilipaswa kujengwa haraka, tena kwenye mteremko mkali, ndiyo maana safu zetu zinafuata mkunjo wa kilima. Mawe ni ya mchanga, yaitwayo Pennant, yaliyochimbwa papo hapo mlimani. Matofali yamewekwa kuzunguka madirisha na milango kwa sababu jiwe hilo ni gumu kuchongwa likatoa kingo zilizonyooka. Paa ni la sleti, ambayo Wales ya kaskazini iliuzia dunia nzima. Na ukuta, wenye unene wa karibu nusu mita, haukukusudiwa kuzuia maji kabisa. Mvua huingia kidogo kwenye maungio, kisha upepo na joto la meko huitoa kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji unakuwa kama mtu anayelima juani amevaa koti la mvua: maji hayapiti nje, yanageukia ndani.

Nilikwenda pia St Fagans, kwenye jumba la makumbusho karibu na Cardiff, ambako safu ya nyumba sita za Rhyd-y-car imehamishwa jiwe kwa jiwe kutoka Merthyr Tydfil. Ni za wachimbaji wa madini ya chuma, zilizojengwa na tajiri Richard Crawshay. Kila moja imepambwa kwa kipindi chake, kuanzia 1805 hadi 1985, na unapotoka mlango mmoja kuingia wa pili unaona vizazi vikibadilisha kila kitu, meko, taa, vitanda, ndani ya kuta zilezile. Nilisimama humo muda mrefu. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kuwafikiria wanawake waliochemsha maji ya kuwaogeshea waume zao mbele ya moto katika chumba ninachopikia mimi.

Tulimpata mwashi anayejua chokaa. Alibandua saruji taratibu, kwa nyundo na patasi, kwa sababu mashine ingepasua uso wa jiwe. Akatuachia ukuta wazi ukauke kwa miezi, nami nikavumilia vumbi na baridi. Halafu akajaza maungio kwa chokaa na mchanga, akapaka lipu ya chokaa ndani, akakataza rangi ya plastiki.

Kabati limerudi mahali pake na nyuma yake ni pakavu. Sitaki tena kuhama. Ukuta wa pembeni, hata hivyo, tunaumiliki pamoja na jirani, mzee aliyezaliwa katika nyumba yake hiyohiyo, na upande wake bado una saruji. Alikuja akaushika wetu kwa viganja vyote viwili, akaomba namba ya mwashi. Kazi itaanza kwake mvua zikipungua.